Mlima Uliopigwa Picha ya Pasipoti

Mtaani kila mtu alimwita Pasipoti. Hata mkewe alimwita hivyo akiwa na haraka.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewapiga watu picha za pasipoti, za vitambulisho, za leseni na za fomu za shule, katika chumba kimoja alichogawana na mkewe, fundi cherehani. Katikati walitundika pazia. Upande wa dirishani cherehani ilitwanga kutwa nzima. Upande wa ndani kulikuwa na stuli, shuka jeupe lililokazwa ukutani, taa mbili, na kompyuta ambayo ikipata joto ilihema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia. Pasipoti alikuwa mtu wa haya. Maneno aliyoyasema kazini yangeenea kwenye kiganja: "Kaa wima. Kidevu juu kidogo. Usicheke. Tayari."

Jambo moja lilimkera, ingawa hakuwahi kulitamka. Picha zake zote zilifichwa. Zilibandikwa ndani ya vijitabu, zikatiwa mifukoni, zikafungiwa kabatini. Waliozitazama walikuwa maofisa, nao walizitazama kwa muda wa kupepesa jicho tu, kuhakikisha pua ni ileile. Hakuna hata moja iliyowahi kutundikwa ukutani. Nyumbani kwake mwenyewe, ukutani kulikuwa na kalenda ya duka la misumari.

Kwa hiyo shangazi wa mkewe alipoingia Jumatatu asubuhi na kukaa kwenye stuli bila kukaribishwa, hakujua kwamba anakuja kumvuruga mtu moyo. Alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mwenye mabega mapana na sauti ya kuamsha wodi, na sasa alikuwa anafungua nyumba ya wageni ya vyumba vinane.

"Shikamoo, shangazi," alisema Pasipoti.

"Marahaba, mkwe. Bado unawakataza watu kucheka?"

"Ndiyo, shangazi."

"Vizuri. Wako wanaostahili. Sasa sikiliza. Ukumbi wangu wa chakula una ukuta mmoja mtupu. Nataka picha ya mlima wetu, kubwa kama mlango uliolazwa. Tena iwe nyeusi na nyeupe. Viti vina rangi, mapazia yana rangi, vitambaa vya meza utadhani kasuku wamepigana. Macho yangu yamechoka." Akainuka. "Nimemwambia na Bwana Harusi. Jumamosi kila mtu analeta yake, nachagua moja. Jina la mpigaji nitaliandika chini ya picha, kwa herufi kubwa."

Bwana Harusi alikuwa mpiga picha wa sherehe wa mtaa wa pili. Yeye mwenyewe hakuwa ameoa.

Shangazi alipotoka, cherehani ilinyamaza nyuma ya pazia.

"Baba watoto," alisema mkewe, "umesikia? Herufi kubwa."

"Nimesikia."

"Mbona unapangusa lenzi kwa soksi?"

Kesho yake Pasipoti alifunga kazi mapema, akabeba kamera na stendi ya miguu mitatu, akapanda mpaka kwenye tangi la maji nje ya mji, mahali mlima unapoonekana wote, toka kiunoni hadi kileleni. Aliichagua saa sita mchana makusudi. Katika kazi yake, kivuli ni adui: kikikaa chini ya pua, fomu inarudishwa. Saa sita jua liko utosini na mlima hauna kivuli hata cha kuazima. Aliutazama kwenye kioo cha kamera, akaona umetulia vizuri, akasema taratibu, "Kidevu juu kidogo." Halafu akageuka kuona kama kuna aliyemsikia. Kulikuwa na mbuzi mmoja, naye alikuwa amekwisha kuinua chake.

Shida ilianza kwenye kompyuta. Macho ya Pasipoti yalikuwa kwenye mlima, lakini akili ilikuwa kwenye zile herufi kubwa, na mikono iliyoachwa peke yake ilifanya kazi inayoijua. Kwanza iliondoa rangi. Kisha ikashika kifutio cha chunusi, ikafuta majabali moja baada ya jingine. Ikalainisha makorongo kama mtu anavyolainisha mikunjo ya paji la uso. Kulikuwa na kovu la maporomoko upande wa kulia, likaondoka. Bega la kushoto la mlima lilikuwa limeshuka, ikalipandisha likalingana na la kulia. Mwisho ikafuta anga yote na kuweka nyuma weupe mtupu, kama sheria inavyotaka.

"Ametoka vizuri," alijisemea Pasipoti.

Jumatano hakuweza kusubiri. Alichapa nakala ndogo akampelekea shangazi, aliyekuwa juu ya ngazi akifunga fimbo za mapazia. Shangazi alivaa miwani. Aliitazama picha, akaigeuza juu chini, akairudisha.

"Huyu nani?"

"Ni mlima, shangazi."

"Mlima upi?"

Pasipoti aliuonyesha kupitia dirishani. Shangazi aliutazama wa dirishani, akautazama wa mkononi.

"Mkwe, mimi ninaamka na huu mlima kwa miaka sitini na minne. Una makorongo saba. Una kovu mahali ulipoporomoka mwaka niliopata ajira. Huu wako haujawahi hata kunyeshewa. Umepakwa poda, umevuliwa anga, umesimamishwa kwenye shuka. Unasafiri kwenda wapi?"

Pasipoti aliikunja nakala yake akaitia mfukoni.

"Una siku mbili," alisema shangazi, akarudi kwenye mapazia yake. "Niletee wenyewe. Usiniletee mpwa wake."

Alirudi kazini akakaa kwenye stuli, mahali pa wateja. Mkewe alisogeza pazia kwa kidole kimoja, akaona hali, akaja na kipande cha kitambaa cha pamba kilichokunjamana.

"Tazama hiki." Alikiweka mbele ya taa ya Pasipoti. "Unaona nini?"

"Kitambaa."

"Sasa njoo huku." Alikipeleka dirishani, akakigeuza ubavu ili mwanga ukiguse kwa pembeni. Kila mkunjo ulisimama, upande mmoja mweupe, upande wa pili mweusi. "Mwanga wa mbele unaficha. Wa ubavuni unaumbua. Mimi nikitaka kujua kitambaa kimefumwaje sikitazami usoni. Wewe umekwenda kumulika mlima usoni kama mwizi."

Pasipoti alikishika kile kitambaa, akakigeuza huku na huku mpaka mteja mmoja aliyekuja kupimwa suruali akauliza kama ni mgonjwa.

Kisha akakumbuka jambo lingine. Fundi mzee aliyemfundisha kazi enzi za filamu alikuwa na kioo chekundu. Ukipiga picha nyeusi na nyeupe kupitia kioo hicho, anga ya bluu inakuwa nyeusi na mawingu yanabaki meupe kama yaliyofuliwa. Kioo kama hicho hakikupatikana mjini. Mkewe alifungua mtoto wa meza, akatoa peremende iliyofungwa kwa karatasi nyekundu inayopenyeza mwanga, akaila kwa ajili ya kazi, akampa karatasi.

Alhamisi mvua ilinyesha adhuhuri na kuosha vumbi lote hewani. Saa kumi na moja jioni Pasipoti alikuwa kwenye tangi, karatasi ya peremende imefungwa kwa mpira mbele ya lenzi. Jua lilikuwa limeshuka ubavuni, na mlima ulikuwa mwingine kabisa. Korongo la kwanza lilijaa kivuli, la pili, la tatu. Migongo ya katikati iling'aa. Bega la kushoto lilikuwa chini, kovu lilikuwa wazi, na Pasipoti hakuuambia kitu. Alipiga picha kumi na nne. Ile ya tisa aliipiga wingu lilipofunika miguu ya mlima na kuacha makorongo na kilele juu yake.

Aliporudi na kuifungua ile ya tisa kwenye kompyuta, alikuta mnyama amesimama juu ya mgongo wa mlima. Alikuwa mweusi, ana kiuno chembamba na miguu sita, na ukubwa wa shule ya ghorofa.

"Nini hicho?" aliuliza mkewe.

Pasipoti aliishika ile karatasi akailamba kidogo. Ilikuwa bado tamu.

"Sisimizi," alisema.

Hapo, kwa mara ya kwanza, kifutio cha chunusi kilipata kazi halali. Alimwondoa sisimizi kuanzia kichwani. Baada ya hapo ilianza kazi ngumu. Alichukua burashi ya giza akaongeza weusi ndani ya makorongo, polepole, mahali ambapo kivuli kilikuwepo tayari. Akachukua burashi ya mwanga akapita nayo juu ya migongo tu. Akaacha kijivu cha kutosha katikati, ili jicho lipate pa kupumzika. Mkewe alikuwa amekaa ubavuni na rula yake ya kupimia, na kila mkono wa mumewe ulipoanza kutambaa kuelekea kwenye kitufe cha kulainisha, aliugonga.

"Nilikuwa napita tu."

"Pita mbali."

Aligongwa mara tisa. Ijumaa walichapa, na picha ilikuwa kubwa hivi kwamba waliitoa chumbani kwa kuinamisha, kama kitanda.

Jumamosi Bwana Harusi ndiye aliyetangulia. Mlima wake ulikuwa mzuri, hakuna ubishi, isipokuwa juu ya kilele aliweka njiwa wawili waliogusanisha midomo, na pembeni mwezi wenye umbo la moyo.

"Nani anaoa hapa?" aliuliza shangazi.

"Ni pambo, mama. Wateja wanapenda."

"Mimi nawatakia maisha mema," alisema shangazi, akageukia ya pili.

Aliisogelea. Alihesabu makorongo kwa kidole, yakafika saba. Alilipapasa kovu. Pasipoti alikuwa amesimama karibu na mlango akiangalia viatu vyake. Kisha kidole cha shangazi kilisimama mahali padogo juu ya mgongo wa kushoto, na sauti yake ikashuka.

"Hata ule mti umeuona. Nilichungia mbuzi chini yake nikiwa mdogo. Nilidhani ulishakatwa."

Pasipoti alisogea, akatazama. Hapakuwa na mti. Ulikuwa mguu mmoja wa nyuma wa sisimizi, aliousahau.

Angeweza kunyamaza, kunyamaza ndiko alikojua zaidi. Mkewe alimkanyaga kidole. Lakini jina lake lingekaa hapo chini kwa herufi kubwa, miaka mingi, na juu yake uongo.

"Shangazi," alisema, "huo si mti. Ni mguu wa sisimizi."

"Nini?"

"Alipanda kwenye lenzi. Kulikuwa na peremende. Nilimfuta, ukabaki mguu. Nitachapa upya."

Shangazi alivua miwani, akamtazama kama mgonjwa anayebishana na kipimajoto.

"Mkwe. Nani amezaliwa hapa, mimi au wewe?"

"Wewe, shangazi."

"Basi usinifundishe miti. Na ukiugusa, picha yako inakwenda stoo pamoja na njiwa."

Alijaribu mara mbili zaidi. Mara ya tatu shangazi alimkabidhi nyundo aitundike.

Wiki ya ufunguzi Pasipoti alikwenda kula pale siku nne mfululizo. Alikaa kila mara kwenye kiti kilekile, mgongo kwa picha, maana kuitazama mbele za watu aliona haya. Alitazama wanaoitazama. Siku ya nne aliingia dereva wa lori, mtu mzito mwenye njaa, akavuta sahani, akajaza kijiko, akainua macho ukutani. Kijiko kikasimama hewani. Pasipoti alihesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Alifika kumi na tisa, na mchuzi ulikuwa unadondoka juu ya kitambaa cha kasuku, kabla mtu yule hajakumbuka kufungua mdomo.