Mama Krismasi na Gauni la Wifi

Jina la kuzaliwa la fundi huyu wa cherehani mtaani lilishasahaulika. Wote walimwita Mama Krismasi, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alikuwa na hasira yake moja: watu wanakumbatiana siku ya Krismasi, wanasameheana mpaka na machozi, halafu tarehe ishirini na sita wanarudi kununiana kana kwamba wanalipwa. Basi akachukua kalamu nyekundu, akazungushia duara tarehe ishirini na tano ya kila mwezi kwenye kalenda iliyoning'inia juu ya cherehani chake, Januari hadi Desemba. Akatangaza kwamba kwake Krismasi ni mara kumi na mbili kwa mwaka, asiyetaka ahame.

Wala hakuwa akitania. Siku hiyo ikifika, dukani kwake hakuna kusengenya wala kufoka, na yeye mwenyewe lazima aende kwa mtu mmoja aliyekosana naye, amwombe radhi. Machi alikwenda kwa muuza vifungo ambaye yeye alikuwa amemwita mwizi. Mei alivuka barabara kwa fundi mwenzake, mzee wa watu, ambaye yeye alikuwa amemwambia hadharani kwamba suruali zake zinafaa kuvaliwa na meza. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Julai moja alikosa kabisa wa kumwomba radhi, ikabidi tarehe ishirini na nne agombane na mwenye nyumba ili kesho yake apate kazi.

"Shoga, wewe ungefaa uchungaji," msusi wa chumba cha pili alimwambia, mdomo umejaa mkate. Mdomo wa msusi huyu haukuwa na likizo. Sababu yake tutaifikia.

Ila mganga hajigangi. Kulikuwa na mtu mmoja ambaye duara jekundu halikuwahi kumfikia: wifi yake, dada wa mumewe, muuguzi, aliyekaa nyumba ya tatu tu kutoka pale. Miaka saba hawasemezani. Wakikutana njiani, huyu anatazama juu kama anayesubiri mvua, yule anapekua mkoba ambao hauna kitu.

Chanzo ni gauni. Krismasi ile kazi zilimzidi Mama Krismasi, watu wakachukua nguo asubuhi ya sikukuu bila kuzijaribu. Gauni la bluu la wifi lilipanda zipu kwa kuvuta pumzi na kwa msaada wa watu wawili. Kanisani, walipoambiwa wapige magoti, gauni likasema praaa! kutoka shingoni hadi pale pasipotajwa. Kwaya ikapoteza wimbo. Wifi alitoka kinyumenyume, kafunikwa koti la mzee wa kanisa.

"Umenishonea nini wewe?" alifoka nje.

Mama Krismasi naye mdomo wake hauna breki. "Mimi nilishona mwili nilioupima," akajibu, wakasikia hadi waliokuwa madhabahuni. "Sasa ukiongeza mwingine bila kunijulisha, nifanyeje?"

Watu walicheka. Wifi hakucheka.

Jioni ile Mama Krismasi akafungua daftari la vipimo atafute ushahidi wa kummaliza kabisa. Ushahidi akaupata, loo, akatamani asingeutafuta. Kurasa mbili zilitazamana: kushoto jina la wifi, kulia jina la msusi. Vipimo vya kushoto vilikuwa vya msusi, ambaye siku zile alikuwa mwembamba kama uzi. Vya kulia vilikuwa vya wifi. Alikuwa ameviandika huku akipiga soga, akavichanganya. Ndiyo maana gauni la msusi nalo lilimpwaya, mwenyewe akajitazama kwenye kioo akasema jamani nakwisha, na tangu siku hiyo akawa anakula kwa kujitibu.

"Nitawaambia tarehe ishirini na tano," alijisemea, akalificha daftari chini ya vitambaa. Januari ikaja, ikapita. Kila duara lilipofika, alikuwapo mtu mwingine aliye rahisi zaidi kuombwa radhi.

Sasa mwaka huu, Jumanne moja, tarehe kumi na tisa, mumewe aliingia dukani asubuhi.

"Dada kahamishiwa hospitali ya mbali," akasema. "Basi lake linaondoka leo saa nane mchana."

"Leo?"

"Nilitaka kukuambia wiki iliyopita, ukasema nisilitaje jina lake wakati nakula chakula chako."

Mama Krismasi akatazama kalenda. Zilibaki siku sita. "Mimi nilipanga tarehe ishirini na tano hii..."

"Tarehe ishirini na tano atakuwa huko. Mke wangu, hivi hiyo Krismasi yako inafungua ofisi saa ngapi?"

Alisema hivyo tu, akaondoka. Neno lilimwingia mkewe kuliko sindano. Aliwacheka watu wanaongoja Desemba, kumbe naye alikuwa akingoja vilevile, ila yeye alijitengenezea vichaka kumi na viwili vya kujifichia! Na wifi huyu ndiye aliyempokea mtoto wake wa kwanza mikononi. Aende mbali na uchungu ule moyoni, na kosa si lake? Mama Krismasi aliogopa. Akachomoa daftari, akanyakua sindano na uzi, akatoka mbio, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

Wifi alikuwa akifunga masanduku. "Umekuja kuhakikisha naondoka?"

"Nimekuja kusema kosa lilikuwa langu." Akalifungua daftari.

Muuguzi amezoea kusoma namba za watu. Akasoma kushoto, akasoma kulia, akakaa juu ya sanduku.

"Umejua lini?"

"Jioni ile ile."

Wifi akalifunga daftari. "Miaka saba," akasema taratibu, "nakunywa chai bila sukari."

"Najua, wifi..."

"Hujui! Miaka saba kazini naenda kwa miguu. Watu wanakata keki, mimi natafuna karoti. Nilidhani mwili wangu ndio ulionitia aibu mbele za watu!" Machozi yakamtoka.

Mama Krismasi akapiga magoti sakafuni. "Nisamehe, wifi yangu. Mwanzoni niliona haya. Baadaye nikazoea."

Wifi akamtazama pale chini, midomo ikaanza kumcheza. "Inuka," akasema. "Usije ukachana na la kwako."

Walicheka, wakalia, wakacheka tena. Kisha wifi akavuta gauni la bluu kutoka chini kabisa ya sanduku, mgongo bado wazi. "Niliapa nitalivaa kwenye mazishi yako." Akalivaa. Kwa karoti za miaka saba, lilimkaa sawasawa. Mama Krismasi akaushona mgongo wa gauni hapo hapo kwa mkono, wifi amesimama anakunywa chai ya vijiko vinne vya sukari, na saa nane akapanda basi nalo.

"Ungeniambia tarehe ishirini na sita ya mwezi ule ule, ningekusamehe," alisema dirishani.

Mama Krismasi alirudi dukani macho mekundu. Msusi alikuwa mlangoni, mkate mkononi.

"Shoga, kaa chini. Nina jambo la kukuomba radhi."

Msusi akaitupia kalenda jicho. "Leo si kumi na tisa? Hatungoji ishirini na tano?"

"Hatungoji. Na huo mkate, hebu uweke pembeni kwanza."