Tulivyozuru Magofu ya Nyamira

Sikukuu ya Jamhuri iliangukia Jumatatu, na siku hiyohiyo wazee wa rafiki yetu Onchiri walikuwa waende Nyamira kumposea Kemunto. Baba wa binti alishafariki, neno lote lilikuwa la mama, na mama alikuwa Msabato aliyekwisha kusikia kwamba Onchiri ni Mkatoliki. Onchiri hakuwa amemwona mama huyo hata siku moja, lakini alimwogopa kuliko mtihani. Hali chakula, halali usingizi, ametuchosha! Salim, aliyeuza nguo katika duka la baba yake mjini Kisii, akasema amesoma gazetini kwamba Wazungu wakiwa likizoni hulipa nauli kwenda kutazama nyumba zilizobomoka. Sisi tunazo za bure. Basi tukapanda baiskeli, watalii watatu wenye akili timamu.

Jumamosi asubuhi tulianzia Kisii, kwenye klabu ya zamani ya mabwana wakubwa, ambamo mimi nisingeingia enzi zao hata kwa kufagia. Paa lilikuwa limeng'olewa. Tulilakiwa na mbuzi, wanachama wapya, nao hawakutuuliza kadi.

Adhuhuri tukashika njia ya Nyamira. Anayesema baiskeli humbeba mtu hajafika milima yetu. Mvua ilitukuta njiani, na tulifika kwa shangazi yangu tukiwa matope matupu.

"Mmetoka Kisii kuja kutazama nyumba mbovu?" akauliza shangazi. "Yangu inavuja. Itazameni hii."

Tulikula wimbi na mboga, tukalala chini ya paa la gofu hilo.

Jumapili saa nne tulikuwa sokoni Nyamira, mbele ya duka kubwa ambalo mwenyewe aliliacha akahama. Onchiri ndiye aliyechagua saa hiyo. "Watu wote wako misani," alisema, "hakuna atakayetuona." Mlangoni palikuwa na kufuli jipya linalong'aa, nasi, wataalamu, tukaliona kuwa ni la kihistoria. Tukazunguka nyuma, Onchiri akatangulia kupita dirishani. Tulisikia kishindo, kisha "Mama yangu!"

Alikuwa amezama hadi magotini katika ndizi za kuivishwa, zilizofunikwa majani makavu. Tulipomfuata ndani, mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mmoja na panga.

"Wezi!"

Salim, mwenye Kiswahili cha kumtoa nyoka pangoni, akajitokeza. "La, mama, shikamoo! Sisi ni watoto wa watu. Huyu ni Onchiri wa Magwagwa, kesho wazee wake wanakuja hapa Nyamira kumposea Kemunto."

Mama akateremsha panga, akatugeuzia mgongo, akajitandia leso kichwani. Hapo nikaelewa kwamba ndiye mama yake Kemunto. Kwetu kuna chinsoni, ile haya ya heshima: mama mkwe na mkwe hawatazamani ovyo wala hawasogeleani. Onchiri naye akageukia ukuta. Wakawa wanasema kupitia kwangu, chumba kimoja, hatua tatu.

"Mwambie huyo mtu wenu atoe mguu kwenye ndizi zangu."

"Onchiri, utoe mguu."

"Mwambie nimeutoa."

"Na wa pili," akasema mama. "Muulize alidhani Jumapili sisi Wasabato tuko wapi. Mimi nilisali jana."

Onchiri akautoa na wa pili. Kisha nikasikia sauti yake inatetemeka. "Mwambie nampenda Kemunto. Ujinga huu ni wangu mimi, asimwadhibu binti yake."

Nilisema, na sikutia chumvi.

"Mwambie nimesikia," akajibu mama, basi.

Onchiri alipanga upya ndizi zote, mkungu kwa mkungu, uso ukutani. Alipomaliza, mama alikuwa bado amesimama mlangoni, na mkwe hapiti karibu na mama mkwe. Kwa heshima hiyo kuu, akatokea dirishani tena.

Jumatatu tukapanda baiskeli kurudi. Nilijifunza kwamba kwetu hakuna gofu, kuna nyumba tu ambayo hujabisha hodi. Onchiri hakutaka mafunzo yangu. Alilia waziwazi njia nzima hadi kwao Magwagwa, nasi tukaketi naye uani kuwasubiri wazee.

Jioni wakafika. Baba yake mdogo akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Mama amekubali," alisema. "Ila ametoa sharti moja ambalo hatukulielewa. Anasema siku ya kwenda kwake, kijana aingie kwa mlango."

Akamtazama Onchiri.

"Kwani wewe hupitia wapi?"