Mathe wa Salon na Gari Jekundu

Mume wangu anaitwa Mathe, lakini hapa Butembo ukiuliza Mathe tu utapelekwa kwa watu ishirini. Uliza Mathe wa Salon. Kwetu salon ni viti vya sebuleni, seti nzima: kiti kirefu, vingine vya mtu mmoja mmoja, na meza katikati. Ndiyo kazi yake, mwaka wa kumi na tisa sasa. Yeye hukata mbao na kupanga sponji, mimi Kaswera hushona ngozi bandia. Ni bibi harusi wachache upande wetu ambao hawakukalishwa juu ya sponji yetu. Watu humwita jina hilo hata mlangoni mwa kanisa, na kila wakimwita yeye hukunja uso kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Maana hataki salon, anataka magari. Nilimkuta hivyo nilipoolewa, kwa hiyo siwezi kusema nilidanganywa. "Kiti ya nyumba inaangalia ukuta," huniambia. "Kiti ya gari inaangalia inchi yote." Mimi humjibu kwamba ukuta haujawahi kutumbukia mtaroni, naye hacheki. Alichokuwa akingoja ni gari moja tu. Alitengeneze ndani kuanzia chini mpaka juu, lizunguke mjini, watu waulize ni kazi ya nani, na kuanzia siku hiyo magari yaje na lile jina life.

Gari likaja mwaka jana mwezi wa tatu, likiwa limebebwa na lori. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, la wale wanaopenda kukimbia, na liko chini kiasi kwamba kuku wetu walilizunguka badala ya kupita uvunguni. Mwenyewe anaitwa Gérard, mnunuzi wa kakao kutoka Beni, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Alilinunua Kampala bila kuinama kuangalia ndani. Humo ndani panya walishakaa, wakazaa, wakahama. Sponji ilikuwa imegeuka unga, na kitambaa cha dari kilining'inia hadi kwenye usukani.

"Papa Sagesse," Gérard akamwambia Mathe, maana mtoto wetu wa kwanza anaitwa Sagesse, "bananiambia we njo wa kwanza mu Butembo. Mi nataka ndani ikuwe salon. Salon ya kweli! Mutu akiikala asipende kutoka. Na muziki, besi mutu aisikie mu kifua."

Nilimtazama mume wangu. Masikio yake yalisikia gari. Mikono yake ilisikia salon, na hapo ndipo balaa letu lilipoanzia.

Mikono iliyofanya jambo moja miaka kumi na tisa haimsikilizi mtu. Mathe alipanga sponji kama anavyopanga siku zote, tabaka juu ya tabaka, mpaka viti vikavimba vizuri. Mimi nikashona ngozi nyekundu na nyeusi, mishono miwili miwili, siku tano nzima. Gérard akapanda kutoka Beni kuja kujaribu. Akafungua mlango, akajitupa kitini, na tukasikia kichwa chake kikigonga bati. Akabaki ameinamisha shingo, kidevu kifuani.

"Mais Papa Sagesse, kichwa yangu nitaiweka wapi?"

Ukipunguza sponji, ngozi inalegea na kufanya makunyanzi. Kwa hiyo nikafumua, nikashona upya. Safari hii Mathe alikata kwa aibu, na aibu ina kisu kikali. Gérard alipokaa hakuona barabara, aliona usukani tu. Nikafumua tena. Mathe akaniambia kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamwambia koleo lake liko zima, zinazovunjika ni sindano zangu. Mara ya tatu nilishona nimenuna, na nadhani ndiyo sababu mishono ilinyooka.

Kisha akaja Kitsa wa muziki. Kitsa hutengeneza redio na simu mtaa wa pili, na hakuna mtu ninayemheshimu zaidi nikiwa sijamwona. Nilikuwa nimemaliza ngozi za milango, nimezipamba kwa mishono ya msalaba. Niliingia ndani kuipua maharagwe. Kutoka, nikamkuta Kitsa amekata tundu la duara katikati ya kila mlango.

"Kitsa! Juu ya nini unakata bila kuuliza?"

"Mama Sagesse, sauti itapitia wapi?"

Wiki ile ile Gérard akapiga simu, anataka spika kubwa zaidi. Kitsa akapanua matundu. Alipozifunga, vioo vya madirisha vikakataa kushuka, kwa sababu mgongo wa spika ulikuwa umeziba njia ya kioo. Akazihamishia mbele, chini karibu na miguu, akaniachia matundu mawili ya ukubwa wa sahani. Nikaweka viraka. Wageni wakiviona husema ni mapambo mazuri, nami huwaacha waseme hivyo.

Sanduku la besi alilitengeneza Mathe mwenyewe. Kitsa alimwambia triplex inatosha, mbao nyepesi, basi. Mathe akachagua libuyu, mbao tunayojengea vitanda vya kurithishana. "Mi siwezi kufanya kitu ya triplex," akasema. Kitsa akamjibu kwamba alimwomba sanduku, si kabati la harusi. Hawakusemezana siku mbili. Wanaume wanne walilibeba lile sanduku, na walipoliweka nyuma, gari likaketi mpaka bomba la moshi likagusa udongo.

Halafu ukaja mlio. Injini ikizimwa, muziki safi. Injini ikiwaka, ziii, na ukikanyaga mafuta, ziii inapanda nayo kama mbu aliyepata ngazi. Kitsa aliutafuta siku nane. Kila asubuhi aling'oa zulia langu, kila jioni nililirudisha. Siku ya tisa akagundua kwamba waya mmoja aliufunga juu ya rangi badala ya kuufunga kwenye chuma kitupu. Akakwangua rangi kidogo kwa wembe, akakaza, mlio ukafa. Siku nane kwa ajili ya rangi ya ukubwa wa ukucha! Nilitaka kumpiga na kumkumbatia.

Lakini sitasema uongo, gari lilikuwa zuri. Mathe alifunga milango, akaweka nyimbo za kwaya, akaniketisha upande wa abiria. Sauti za wanawake zilitoka mbele, za wanaume zikatoka nyuma mgongoni mwangu, kila moja mahali pake. Mathe aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Sijamwona akiwa na furaha namna hiyo hata siku Sagesse alipozaliwa, na nilimsamehe.

Gari likashushwa Beni juu ya lori, kwani kwa uzito wa lile sanduku lisingevuka hata shimo moja la barabara yetu. "Beni yote itaiona," Gérard akaahidi. "Benye magari balikuwa banauliza mbele ata kazi haiyaisha."

Mathe akaanza kungoja. Simu ikilia kwa namba asiyoijua, anajifuta mikono kwanza ndipo aipokee. Familia moja ilikuja kuomba salon ya harusi, akawaambia anangoja gari. Wiki mbili, wiki tatu. Nilikasirika mpaka nikaacha kupika sombe, yale majani ya muhogo anayoyapenda.

Wiki ya nne Gérard akapiga. Kitambaa cha dari kimemwangukia kichwani.

Kosa lilikuwa letu, na ni kosa la kijinga. Gundi tuliijaribu hapa Butembo, tunakolala na mablanketi mawili. Ilishika kama msumari. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba gari litaishi Beni, kwenye joto, jua likipiga bati kutwa nzima. Mathe alijipiga paji la uso. Akatafuta gundi nyingine, ile ya kustahimili moto, na baada ya wiki mbili, asubuhi ya Jumanne, tukapanda gari la abiria kwenda Beni. Njia nzima alikuwa akipanga maneno: aombe radhi kwanza, atengeneze, halafu amwambie Gérard awaite rafiki zake wenye magari waje waone.

Gérard anakaa mtaa wa Mulekera, nyumba yenye ua mpana. Gari lilikuwa uani, kakao imeanikwa juu ya pua yake. Mathe akafungua mlango, akaganda. Nikachungulia chini ya mkono wake. Hakukuwa na viti. Hakukuwa na sanduku wala spika. Kulikuwa na bati tupu na matundu ya skrubu.

"Balikuibia?" akauliza.

Gérard akacheka. "Bizi gani? Mukuje ndani."

Viti vyetu vilikuwa sebuleni. Vilikuwa vimepigiliwa juu ya mbao, vimetazama televisheni, na vimewekewa vitambaa vyeupe vya kufuma sehemu ya kichwa. Sanduku la libuyu lilikuwa meza, juu yake chupa ya chai. Spika zilikuwa pembeni, zimeunganishwa na betri. Katika kiti cha abiria, kilicholazwa nyuma, alikuwa amelala bibi mmoja mdogo wa mwili, kinywa wazi.

"Mama yangu, Kanyere," Gérard akasema kwa sauti ya chini, na sikujua kama anayo. "Mugongo. Toka mwaka ianze hakuwezaka kulala. Siku nilikupigia simu, aliikala kidogo tu, aone. Akalala mpaka mangaribi. Akakatala kutoka. Siku mbili alikuwa mu gari! Mvua ikanyesha, njo nikatoa kiti."

"Na ile ingine?"

"Kiti moja haifanyi salon, Papa Sagesse."

"Na muziki?"

"Batoto njo baliomba."

Mathe akaelekeza kidole uani. "Donc gari?"

"Gari? Na hii barabara? Acha. Sikia habari muzuri: kuko batu tatu balifika hapa, bakaikala, banataka salon sawa hii, sawasawa. Nikabaambia, muende Butembo, muulize Mathe wa Salon."

Namjua mume wangu. Akitaka kusema maneno yasiyorudishika, hukunja mikono ya shati kwanza. Alikunja wa kulia, akakunja wa kushoto. Nami nilikuwa nyuma yake na maneno yangu tayari, tena yangu yalikuwa makali zaidi. Ndipo yule bibi akaamka. Akatutazama, akaambiwa sisi ni nani, akanyoosha mikono yote miwili na kuushika mkono wa Mathe.

"We njo Mathe wa Salon? Wasingya kutsibu, mwana wangu," akamshukuru kwa Kinande. "Mugongo ilikuwa imenikatala. Sasa ninalala sawa mutoto. Mungu abariki hii mikono."

Hata mimi, ambaye nikikasirika adabu huitafuti kwangu, niliinamisha kichwa. Mathe akateremsha mikono ya shati. "Aksanti, mukaka," akasema, yaani bibi. Akapiga magoti, akajaribu kile kishikio cha kulaza kiti, akaona ni kigumu kwa mkono wa mzee, akaomba mafuta kidogo, akakilainisha.

Kisha akatoka nje, akachukua mkebe wa gundi na kuingia garini.

"Papa Sagesse, acha ile plafond!" Gérard akamwita kutoka barazani. "Gari haitembei tena!"

Hakugeuka. Alibandua kitambaa chote, akakwangua gundi ya zamani, akapaka mpya. Gundi ile inataka kushikiliwa kwa viganja mpaka ipoe, na dari ni pana kuliko mikono ya mtu mmoja, kwa hiyo nikaingia. Tulipiga magoti juu ya bati, mahali vilipokuwa viti nilivyovishona mara tatu, mikono juu, jasho likitiririka viwikoni. Kutoka nyumbani ilikuja sauti ya kwaya, besi ikipenya ukutani na kutufikia kifuani. Hakukuwa na ziii hata kidogo.

Mke wa Gérard akatokea mlangoni. "Mathe wa Salon! Chakula iko tayari!"

Mathe alikaza viganja. Alikuwa ameinua mikono, hata masikio asingeweza kuziba.

Nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia Gérard, nikamkasirikia yule bibi kwa kuwa mwema, na zaidi ya wote nilimkasirikia huyu mtu niliyeolewa naye, anayegundisha dari ya gari ambalo hakuna atakayelipanda.

"Papa Sagesse," nikamwambia, "hii kazi tunaifanyia nani?"

Alisogeza kiganja kidogo, akabonyeza mahali palipokuwa pameinuka.

"Hii njo gari yangu, Mama Sagesse," akasema. "Ingine sitapata."

Mikono iliniuma mpaka mabegani, na hasira ilikuwa bado haijaisha, lakini mikono sikuishusha.