Ok-im Apanda Mlima Naejang

Kwa miaka thelathini na mmoja Ok-im aliwadanganya wapanda mlima, na hakuna hata mmoja aliyemshtukia.

Kibanda chake kilitazamana na stendi ya mabasi ya Jeongeup, hatua chache kutoka pale lilipoegeshwa basi la kwenda Naejang. Kila mwaka majani yalipoanza kuwa mekundu, watu walimiminika kutoka Seoul na Gwangju wakiwa wamevaa jaketi za kila rangi, wakapanga foleni kununua gimbap yake, wali uliovingirishwa ndani ya mwani na kukatwa vipande. Kila mmoja aliuliza swali lile lile: "Mama, majani yamefikia wapi?"

Ok-im, macho yakiwa kwenye kisu, alijibu: "Juu yameshaiva, chini bado kidogo. Pita njia ya kushoto."

Hakuwahi kukanyaga huko. Alikuwa akiangalia majani yaliyonasa kwenye kofia na viatu vya waliorudi jana yake, akakisia, basi. Msimu wa majani ndio msimu wa biashara. Nani afunge kibanda akatazame miti?

Mwaka aliotimiza sitini na tatu, binti yake Mi-ran, nesi huko Seoul, alikuja Ijumaa jioni na mwanawe Sae-bom, mtoto wa kike wa miaka minane. Hata kabla ya kuvua koti, Mi-ran alichana boksi, akaandika kwa kalamu nene: LEO HATUPO, TUKO MLIMANI. Akalibandika kwenye mlango wa kibanda.

"We Mi-ran, una wazimu? Jumamosi ya kwanza ya Novemba!"

"Ndiyo maana, Mama. Majani hayakungoji mpaka uzeeke zaidi."

"Twende tu, Mama Mi-ran," alisema mume wa Ok-im, Dal-su, dereva wa teksi mwenye kitambi cha kukaa. "Ukichoka nitakubeba."

"Unibebe wewe? Ngazi tatu za hapo nje unahema kama beberu!"

Alinuna, lakini kulipopambazuka walimkuta jikoni ameshavingirisha gimbap arobaini. Watu wanne, gimbap arobaini. Mikono ilikuwa haijui idadi nyingine.

Ndani ya basi alikaa dirishani, mkoba mapajani, kimya kama msichana anayepelekwa mjini kwa mara ya kwanza. Waliposhuka na kuingia njia ya kwenda hekaluni, miti ya danpung, ile ya majani mekundu, ilikuwa imesimama pande mbili, matawi yamekutana juu, na jua lilipopenya kwenye majani, nyuso za watu wote zikawa nyekundu. Ok-im alisimama katikati ya njia. Watu walimgonga mabega, wakaomba radhi, wakapita.

"Bibi, unalia?" aliuliza Sae-bom.

"Silii. Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Kila mtu alikwambia, Mama," alicheka Mi-ran. "Miaka thelathini!"

"Waliniambia ni mazuri. Hawakuniambia hivi!"

Kuanzia hapo hakushikika. Walipokata kushoto kuelekea kilele cha Seorae na njia ikainuka, aliongoza yeye, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwa Sae-bom, kila baada ya hatua kumi anapiga ukelele: "Tazama ule! La, tazama huu!" Miguu iliyosimama kibandani miaka yote ile ilikuwa imekaza kama ya punda. Walipofika kwenye hekalu dogo la katikati ya mlima, Dal-su aliketi juu ya jiwe, akafungua chupa ya pombe ya mchele, akatangaza kwamba yeye atalinda mizigo.

Hapo ndipo mwanamume mmoja mwenye kofia ya njano alipomkodolea macho Ok-im.

"Ah! Si Mama wa gimbap huyu? Wa stendi?"

"Ndiye mimi."

"Jamani, njooni mumwone! Miaka kumi nafuata maelekezo yake. Ila Mama, nisamehe nikuulize. Njia ya kushoto uliyonielekeza mwaka jana mbona ilinifikisha chooni?"

Ok-im aliona haya mpaka masikioni. Angeweza kudanganya tena, ulimi ulikuwa tayari. Lakini jua lilikuwa tamu, na moyo umemjaa.

"Ndugu yangu, sijawahi kuja huku. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza. Yote niliyokwambia nilibuni."

Kicheko kikalipuka, mwenye kofia ya njano akishika mbavu. "Miaka kumi! Na kila mara nilikuja nikakuta mazuri!" Ok-im akafungua mkoba, akawagawia wote gimbap kama fidia, na wao wakamjazia mikono peasi na machungwa madogo.

Juu ya hekalu njia iligeuka ngazi za chuma zilizoning'inia kwenye mwamba. Sae-bom alisita. Ok-im alishika chuma, akakaza sauti. "Usitazame chini. Shika, panda, tukana ukitaka."

"Matusi gani, Bibi?"

"Useme babu yako mvivu."

Wakapanda wakiimba kwa sauti moja, "Babu mvivu! Babu mvivu!" na Mi-ran nyuma yao akashindwa kuhema kwa kicheko.

Kileleni upepo ulimvua Ok-im kofia. Bonde lote lilikuwa chini yake, jekundu na la manjano, hekalu dogo kama kibiriti. Alipaza sauti mpaka mlima wa pili ukamjibu. Kisha akanyoosha fimbo.

"Na kile kule kinaitwaje?"

"Bulchul. Lakini Mama, tumekubaliana tunaishia hapa."

"Nani kakubali? Lete simu." Akampigia mumewe. "Baba Mi-ran, usitungoje. Tunaendelea."

"Mnaendelea wapi? Na mimi pombe imeniishia!"

"Shuka polepole, tutakukuta chini."

Akakata simu, akamrudishia Mi-ran, akafunga upya kamba za viatu. Walifika Bulchul saa nane kasorobo. Aliketi juu ya mwamba, akavua soksi, akaupa upepo vidole vyake.