Picha ya Mama Kutoka Chini

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye televizyo, shefu wa repotaji alinikuta nimesimamisha kamera vizuri kwenye miguu yake mitatu, nangoja sifa. Akasonya. "Hata mbuzi inaweza kupiga hivyo. Panda kwenye kabati!" Nikapanda. Hiyo aliita plonje, yaani kamera inaangalia watu kutoka juu. Kontre-plonje ni kinyume chake: unalala chini, unaangalia juu, na hiyo ndiyo iliniharibia magoti. Nyinyi vijana muna simu, munaziingiza popote. Kamera yetu ilikuwa na uzito wa mutoto mukubwa. Hebu lala nayo juu ya mawe ya volkano, halafu uniambie!

Alinitesa miaka, shefu huyo. Sokoni Birere alinibana kati ya magunia ya mihogo na ukuta wa mbao. Ndani ya gari aliniweka miguuni pa dereva. Wimbo wake ulikuwa ule ule: "Shuka tena!"

Vita vilipokaribia, tulitumwa Kibati, kwenye kambi ya waliokimbia. Kulikuwa nyumba moja Goma iliyolea watoto waliopotezana na wazazi njiani, na mumoja alikuwa mudogo sana, alijua kujiita Bebe tu. Kambini, Mama Uwimana, aliyekimbia kutoka Kiwanja, alikuwa amepoteza mutoto wa umri huo. Watu wa kambi walikuwa wamefungiwa barabara, gari letu tu lilipita. Basi tungemupelekea Bebe picha ya mama, tuone kama atamujua. Nyumba ile haikutoa mutoto kwa maneno matupu.

Mama Uwimana alioga, akaazima kitambaa cha kichwa, akapaka poda. Nikamusimamisha nje kwenye mwanga, nikapiga groplan, uso wake ukajaa picha yote. Safi kabisa! Nikaanza kufunga vyombo.

"Bado," shefu akasema. "Aingie ndani apike. Piga kutoka chini."

"Shefu, mule mutu hata hageuki!"

"Kwa hiyo lala."

Nyumba yenyewe ilikuwa shitingi, turubai la plastiki tu, ya kuinama tangu mulangoni. Nililala kifudifudi kando ya mbabula, jiko lake la makaa, moshi ndani ya macho, muguu mumoja nje unakanyagwa na wapita njia. Mama akainamia sufuria ya maharagi, akanisahau. Mimi naona kidevu na matundu ya pua tu. Nilikasirika kweli. Mama wa watu anatafuta mutoto wake, huyu anatafuta sinema!

Tuliporudi Goma, watu wa nyumba ile wakamukalisha Bebe sakafuni mbele ya televizyo. Uso wa mama ukatokea, mukubwa, wenye poda. Bebe akaendelea kutafuna mukate.

Ikafuata picha ya pili. Bebe akaacha kutafuna. Akainuka, akashika kile kidevu kwenye kioo.

"Mama, imeiva?"

Sasa niko kwenye pansheni. Nikilalamikia magoti, shefu, muzee kama mimi, ananiuliza: "Imeiva?" Ananichosha mpaka leo! Hata Mama Uwimana alinigombeza wakati ule. Barabara ilipofunguliwa alikuja kuchukua mutoto wake, wakamuonyesha picha ile, akashika mudomo.

"Papa, pua hii yote ni yangu? Mbona ulinifanya mubaya hivi?"

Nikafungua kinywa nimusingizie shefu. Bebe, juu ya mapaja yake, akaangalia televizyo, akainua macho kwa mama yake, kutoka chini.

"Ni wewe," akasema.