Kumwambia Dereva Asimame

Teksi za Durban hazisimami mpaka abiria apaze sauti. Juzi, tukipanda kilima cha mtaa wa Morningside, mama mmoja alimnong'oneza bwana aliyekuwa ametoka kuongea Kiswahili kwenye simu: "Papa, uniitie dereva ku robot ile. Ni siku yangu ya kwanza ku kazi, na hawa wakisikia sauti yangu watajua miye mgeni."

Bwana akaitikia kwa kichwa. Tukaipita robot, yaani taa za barabarani, naye akitazama viatu vyake.

"Eish, Papa, kazi inaniponyoka!" Mama akainuka. "Dereva, simama!"

Breki zikalia. Hakuna aliyemgeukia. Alishuka mbio, yule bwana akashuka nyuma yake, nami nikawafuata. Kumbe wote watatu, wageni tulioogopa kusikika, tulikuwa tumepitilizwa, tukaokolewa na wa pekee aliyekiri kwamba anaogopa.