Bwana Shauri kwenye Njia Panda

Tangu wafanyabiashara binafsi walipoanza kupandisha malori yao hadi Mlalo, Rajabu aliapa kwamba shingo yake haitabeba tena tenga la kabichi. Alinunua punda kwa Hassani wa bonde la pili, akamwita Bwana Shauri, maana mnyama huyo kila jambo alilitafakari kwanza.

Tatizo lilikuwa njia panda. Kulia ni barabarani kwenye lori. Kushoto ni kwa Hassani, na huko ndiko punda alikozoea. Mnunuzi wa kabichi, ambaye lori lake lilikuja kila Jumatano, naye alikwishasema wazi: Rajabu akichelewa Jumatano moja zaidi, nafasi yake anapewa mwingine.

Basi Rajabu akaanza kumfundisha. Punda akielekea kushoto, alimgusa kwa jani la mgomba, naye akadhani anafukuziwa nzi. Akachukua kijiti chembamba cha mforosadi. Kwa siku tatu mambo yakanyooka: katika mara kumi, mara saba punda alikwenda kulia mwenyewe. Mtu mwingine angeshukuru. Rajabu, ambaye hata uji huuongezea kuni uive upesi ukaishia kuungua, akajipigia hesabu: kama kijiti kimefika hapa kwa siku tatu, fimbo nene itamaliza kazi kesho.

Kesho yake punda alisahau yote. Alifika njia panda akatetemeka, akaenda kushoto, akarudi, akasimama katikati kama kigingi. Fimbo ilivyozidi ndivyo alivyozidi kuchanganyikiwa. Jumanne jioni Rajabu alirudi amekata tamaa, akamwambia mkewe Zuhura kwamba punda yule hana akili hata chembe.

Zuhura, aliyesoma naye darasa moja, aliendelea kumenya viazi.

“Baba Hawa,” alisema, “saba mara nane ulikuwa unaijua vizuri tukiwa njiani kwenda shule. Mwalimu akishika fimbo, ulikuwa unajibu nini?”

Rajabu alikumbuka. Alijibu arobaini, kisha sitini na tisa, kisha akajikojolea. Aibu ilimshika upya, na kwa mara ya kwanza akamwonea punda huruma. Ile fimbo nene akaisukumia motoni.

Jumatano walifika njia panda. Punda akasimama, akatazama kushoto. Huko chini lori likapiga honi. Mkono ulimwasha Rajabu, lakini alimgusa begani kwa kijiti mara moja tu, akatulia. Bwana Shauri akafikiri, akafikiri, kisha akageuka kulia, kabichi zikitikisika mgongoni.

“Hamsini na sita,” Rajabu alimnong'oneza sikioni.